Seli Hai Hukataa Rangi

Wasifu wa Mama Shija uliandikwa kwenye karatasi mbili za daftari, kwa mwandiko wa Shija mwenyewe, na nilipofika msibani Segese asubuhi ile alinipa niupitie kabla haujasomwa kaburini. "Mama mdogo, wewe ndiye msomi wetu," aliniambia, "angalia kama nimekosea mahali." Hakuwa amekosea sana. Alitaja watoto na wajukuu, kwaya, mgahawa, ukali wa marehemu kwa watu wasionawa mikono. Nikafika kwenye mstari uliosema kwamba mumewe, Masanja, alitangulia "baada ya kuugua kwa muda mrefu." Nikatoa kalamu kwenye pochi nikaukata mstari huo mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Kila mtu wa rika langu anajua maneno hayo yanafunika nini. Tumezika watu wengi kwa maneno hayo, na kwa wengi wao yalikuwa heshima, kwa sababu ukimwi ulikuwa na aibu yake na familia ilihitaji mahali pa kujificha. Lakini Masanja hakuwa na cha kufichwa. Masanja aliuawa na dawa ya mbao, na mimi ndiye niliyehesabu.

Mwaka wa hesabu hiyo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na cheti cha usaidizi wa maabara ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Habari za wazazi wangu siziandiki hapa. Kila mtu wa kwetu Kagongwa ana wazazi waliohangaika ili asome, na kila mtu huwaeleza vizuri kuliko mimi. Naanzia pale nilipoteremka Nyarugusu, mji wa wachimba dhahabu, na begi moja, nikaulizia kituo cha afya, nikaonyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Ndani alikuwamo Dokta Sabina, mwanamke mfupi wa Ushirombo, Msumbwa mwenye rozari mfukoni na maneno machache mdomoni, akipangusa hadubini kwa kipande cha khanga. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniuliza kama najua kuhesabu mpaka mia. Nikamjibu kwamba najua mpaka elfu. "Mia inatosha," akasema. "Ila uihesabu kweli." Nilimchukia kwa muda wa siku mbili hivi, kisha nikampenda, na sijaacha.

Chuo chake kilikuwa kimempa mwaka mmoja kuchunguza jambo moja tu: kwa nini wanaume wa yadi ya matimba walikuwa wanaugua. Matimba ni magogo yanayofungwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Mchwa wa Nyarugusu hawana adabu. Gogo unaloliingiza duarani leo, baada ya miezi michache linakuwa unga. Mwenye yadi alikuwa amepata mapipa ya dawa ya mbao, masalia ya zamani ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini, lebo zimebanduka. Akajenga birika refu la saruji ambamo magogo yalizamishwa, yakageuzwa, yakatolewa. Waliozamisha walifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu, wamevua mashati ili yasiharibike. Mchwa walikoma, hilo siwezi kulikataa. Halafu wanaume wakaanza kupata vidonda visivyofunga, vikohozi visivyokwisha na utando mweupe mdomoni, na Nyarugusu nzima ikasema wamekanyaga miwaya. Ndivyo tulivyousema ukimwi wakati ule, tukidhani utani unapunguza hofu.

Dokta alikuwa amepeleka kichupa cha dawa ile mjini, na jibu likarudi kwamba ndani yake mna bati. Nilicheka. Nikamwambia kwetu tunalala chini ya bati, tunachotea unga kopo la bati, na hatujafa. Hakucheka. Alichukua chaki akachora duara ukutani. "Bati likiwa peke yake halina neno," akasema. "Hili limefungwa pamoja na kaboni, likawa kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta. Na ngozi ya seli ni nini? Ni mafuta. Kwa hiyo linaingia bila kubisha hodi." Akanieleza kwamba likiwa jingi, seli hupasuka na kumwaga kila kitu, na hapo hata kipofu ataona kuna balaa. Likiwa kidogo ndipo panapotisha. Kalsiamu ambayo seli huwa imeifungia kwa uangalifu inafurika ndani, vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu vinaanza kuvuja, na uvujaji ule ni kama amri: seli inakatakata vinasaba vyake vipande vipande, inanywea, inajigawa katika vifurushi vidogo na kungoja seli nyingine zije kuvimeza. Hakuna homa wala uvimbe. Na seli zinazodhurika kwa urahisi ni zile zile zinazoukinga mwili, hasa zile changa zinazolelewa kwenye tezi nyuma ya mfupa wa kifua. Mabango ya ukimwi yaliyobandikwa ukumbini yalizichora kama askari wenye marungu. Dokta hakuyapenda mabango yale. "Wataalamu wanasema seli imejiua," alimalizia, na mimi nikamkatiza, kwa sababu nilikuwa sijajifunza kunyamaza na mpaka leo sijajifunza. Nikamwambia hiyo si kujiua. Mtu aliyeingiliwa ndani kwake akaamriwa kufa hajajiua. Dokta akafuta chaki mikononi. "Sawa, Minza," akasema. "Hesabu kwanza, halafu tutabishana majina."

Kazi yangu ilikuwa hii. Tulichukua damu, tukaizungusha kwenye mashine mpaka seli nyeupe zikajitenga kama utando wa maziwa, tukaziweka kwenye maji yenye rangi ya waridi na chakula chake, tukazilaza siku nzima ndani ya sanduku lenye joto la mwili. Kesho yake nilizitia tone la rangi ya buluu, nikazitandaza kwenye kioo chenye mistari na kuzihesabu kwa mwanga wa dirishani, kidole gumba kikibonyeza kidude cha kuhesabia. Seli iliyo hai huikataa rangi ile. Inabaki nyeupe, inang'aa, ina duara safi. Iliyokufa haina uwezo wa kukataa chochote. Rangi inaingia na kuijaza mpaka inakuwa buluu ya wino wa shule. Hiyo ndiyo elimu yote niliyoipata mwaka ule, na nimeitumia kuwapima watu pia, ingawa si haki sana. Damu za wanaume wa yadi zilikuwa na seli chache, na hata hizo chache, zikilazwa siku moja, nyingi ziliamka buluu.

Nilipanga chumba kwa Mama Shija, nyuma ya mgahawa wake, hatua chache kutoka yadi. Mgahawa wenyewe ulikuwa benchi nne na paa la turubai, lakini watu walitoka mbali kuufuata, wachimbaji na wenye karasha za kusaga mawe, hata katekista. Kulikuwa na ugali wa mhogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa na karanga. Kulikuwa na dagaa, na jioni michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikachemshwa na kuliwa na maziwa ya mgando. Zaidi ya yote watu walisifu maji yake. Yalikuwa na harufu ya moshi, harufu ambayo mtoto yeyote wa mfugaji akiikuta kwenye kikombe anaikumbuka nyumba ya bibi yake. Mama Shija alinizidi miaka kumi hivi, na aliniita ng'wanone, mwanangu, kama vile angeweza kunizaa akiwa darasa la tatu. Mumewe Masanja alikuwa mzamishaji wa kwanza wa yadi ile. Nilipofika bado alikuwa na mabega mapana. Miezi minne baadaye shati lilimning'inia. Alikuwa amepima ukimwi mara mbili, mara zote hana. Karatasi ya majibu aliitia kwenye mfuko wa shati na kumwonyesha kila aliyemsalimu, mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Niliwasikia wateja wakiongea akishapita. "Siku hizi vyeti vinanunuliwa," mmoja alisema huku akimega ugali. "Kajitakia mwenyewe," mwingine akajibu. Mama Shija alikuwa jikoni, amewasikia, akawaongezea mboga.

Sasa, ili ujue damu ya wagonjwa imeharibika, unahitaji damu ya mtu ambaye hajaigusa ile dawa. Bila hiyo huna cha kulinganisha. Mimi sikuwahi kugusa gogo wala kulikaribia birika, nilikuwa kijana, nina afya ya punda. Kwa hiyo tangu mwanzo damu ya kulinganisha ilikuwa yangu. Miezi miwili ya kwanza ilienda vizuri, seli zangu ziling'aa mpaka nikawa najivuna nazo. Mwezi wa tatu chache zilikubali rangi. Mwezi wa nne zilizidi. Mwezi wa tano nilihesabu safu yangu na safu ya Masanja, nikazilinganisha. Tofauti yake ilikuwa ndogo mno. Nilimwita Dokta. Akasema nimetia rangi nyingi. Nikarudia. Akasema sanduku limepata joto kupita kiasi. Tukalipima, lilikuwa sawa. Mwishowe alivuta stuli. Tukahesabu kioo kimoja kwa zamu, kila mmoja akaandika jibu lake kwenye karatasi na kuikunja, tukabadilishana. Tulikuwa tumepishana seli mbili. Dokta alizitazama karatasi zile, na nilimwona anaogopa, lakini siyo kwa ajili yangu. Aliogopa kwamba utafiti wake umekwisha.

Wiki hiyo hiyo akaja msimamizi wake kutoka chuoni, profesa mrefu, mwenye sauti ya upole ya mtu ambaye hajazoea kubishiwa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Alikaa kwenye stuli yangu, akafungua kitabu changu cha hesabu, akapitisha kidole. "Binti," akasema, "huyu wa kulinganisha mbona anakufa sawasawa na wagonjwa?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akaeleza, kwa subira, kwamba haiwezi kuwa ndivyo ilivyo, kwa sababu mtu ambaye hajaguswa na dawa hawezi kuonyesha dalili za dawa. Kwa hiyo ama mkono wangu ni mzito, ama nimechanganya mirija. Alikuwa na suluhisho. Tuzifute kurasa tatu za mwisho, tuandike kwamba sampuli iliharibika, yeye atatuletea damu safi kutoka mjini. Akanisogezea kalamu. Dokta Sabina alikuwa amesimama dirishani, ametia mkono mfukoni penye rozari. Najua alichokuwa anakifikiria: bila kurasa zile utafiti unapona, na ukipona birika linafungwa, na mimi na ukaidi wangu tunaweza kuliacha wazi. Nililifikiria pia. Lakini nilikuwa nimeambiwa nihesabu kweli. "Profesa, samahani," nikasema, "haikuharibika. Hiyo damu ni yangu, nilikuwepo ilipochukuliwa. Sifuti." Akatabasamu. Akaniuliza kama najua nazungumza na nani. Nikamjibu ninajua, ndiyo maana nimesema samahani. Akafunga kitabu akamwambia Dokta, kana kwamba mimi sipo, kwamba tuna mwezi mmoja. Baada ya hapo ataandika mwenyewe kwamba msaidizi hakuwa na uwezo. Alipoondoka Dokta alikaa kwenye stuli ile ile. "Umenimaliza," akasema. Halafu akasema, "Basi tafuta kinachokuua."

Nilitafuta kwa siku kumi. Nilifikiria dagaa, nikafikiria vumbi linalotoka yadini, nikafikiria kitanda changu ambacho kilitengenezwa kwa mbao. Nilikipata mchana mmoja nikiwa ninakula. Nyuma ya mgongo wangu palikuwa na ukuta wa fito na udongo, na nyuma ya ukuta kitanda cha Masanja, ambaye wakati huo alikuwa haamki tena. Rafiki yake wa yadini, Mabula, alikuwa amekuja kumwona, na walikuwa wanakumbushana mambo ili wasizungumzie ugonjwa. Mabula alitaja siku mwenye yadi alipowagawia wazamishaji mapipa matupu kama shukrani ya Krismasi, kila mtu pipa moja, wakaenda wakiyabiringisha barabarani wanaimba. Masanja akacheka mpaka akakohoa. "Mama Shija alikataa kulitia maji hivi hivi," akasema. "Alilisugua kwa majivu na msasa siku tatu. Halafu akalifukiza wiki nzima, kama kibuyu cha maziwa cha mama yake. Wenzake wote wakamuiga." Nilikuwa na kikombe mkononi. Harufu ya moshi ilinipanda puani, ile harufu nzuri, na nikakiweka kikombe chini taratibu, kama chombo cha mwenye nyumba mkali.

Nimeifikiria sana siku ile kwa miaka yote hii na bado inanikasirisha. Uzembe haukuhusika hata kidogo. Mwanamke mchafu angesuuza pipa mara moja, angekinga maji, angesikia harufu ya dawa akayamwaga. Mama Shija alikuwa msafi, amefundishwa na wafugaji kwamba chombo cha kuaminiwa ni chombo kilichofukizwa, na moshi wake mtamu ukaifunika harufu ambayo ingemwokoa. Majivu hayaitoi dawa inayokaa kwenye mafuta. Ilikuwa imejificha kwenye rangi iliyopakwa ndani ya pipa na ilitoka kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, kwa mtu yeyote aliyependa maji ya Mama Shija. Anayesema maskini huugua kwa sababu ya uchafu wao aje aniambie mimi.

Nilimweleza Mama Shija siku hiyo hiyo, na nilimweleza vibaya. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na hofu. Alikuwa anachambua mchele. "Unasema maji yangu machafu," akasema. Nikasema sijasema machafu. "Ng'wanone, umekunywa maji haya miezi mitano. Umeshiba hapa. Leo umeona rangi zako huko hospitali, unakuja kuniambia namuua mume wangu?" Sikuwa nimelitamka hilo. Alilitamka yeye, kisha akainuka na ungo wake akaingia ndani. Kuanzia kesho yake nilichota maji yangu kwenye kisima cha misheni, ndoo kichwani, nikipita katikati ya wateja. Kwa mtu wa huku hakuna tusi kubwa kuliko hilo: kulala kwa mtu, kula kwake, na kuyakataa maji yake. Wateja walininyamazia. Mama Shija aliniwekea ugali bila neno, na kikombe cha maji pembeni kila siku, na kila siku nilikiacha kimejaa. Iliniuma. Nilikunywa ya kwangu nikiwa namtazama, na ninawaambia wanaosoma haya kwamba ukaidi wakati mwingine una ladha mbaya sana mdomoni.

Masanja alifariki katika wiki ya tatu ya ndoo yangu. Ilikuwa nimonia, na mwili haukuwa na chochote cha kupambana nayo. Tulimzika, na kaburini msemaji wa familia alisema maneno yale yale, kuugua kwa muda mrefu, na nikaona vichwa vikitikiswa kwa namna ya watu wanaojua. Karatasi yake ya majibu alizikwa nayo mfukoni. Baada ya siku arobaini mgahawa ulikuwa mtupu. Watu walisema mjane naye atakuwa nao, na mikono yake ndiyo inayosonga ugali. Benchi nne, na anayekula ni mimi peke yangu, na maji yake siyanywi.

Profesa alikuwa ametupa mwezi mmoja. Dokta alimwandikia barua tatu na kuurefusha kwa visingizio ambavyo nina hakika alivitubia. Tulikuwa tunaisubiri damu yangu. Wiki ya kwanza ya ndoo hapakubadilika kitu. Wiki ya nne buluu ilipungua. Ya nane, nilitia tone la rangi, nikainamisha jicho, na seli zangu zilikuwa nyeupe, karibu zote, zinang'aa kama zamani. Nililia juu ya hadubini. Dokta akanifokea kwamba nitailowesha lenzi.

Mama Shija alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na nguo zake za ufiwa, hakuketi. "Mwangaluka," akatusalimia kwa Kisukuma, akamnyooshea Dokta mkono. "Chukueni damu. Halafu mnionyeshe hicho mnachokiona." Siku ya pili yake nilimwekea vioo viwili, kimoja baada ya kingine, nikamfundisha kufumba jicho moja. Akainama akaangalia. "Hizi zinazokataa rangi ni za nani?" akauliza. Nikamwambia ni zangu. "Tangu uanze ndoo yako." Nikasema ndiyo. Nikabadilisha kioo. "Na hizi?" Nikamwambia, Mama Shija, hizi ni zako. Alibaki ameinama. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na ulikuwa mkono mzuri, wenye kucha zilizosuguliwa. "Na za baba Shija zilikuwa hivi." Ndipo akauliza kitu ambacho sikukitarajia: "Kwa hiyo hakujitakia?" Dokta Sabina, yule mwenye maneno machache, ndiye aliyemjibu. "Hapana, mama. Hakujitakia. Wala wewe."

Mchana ule ule aliliinamisha pipa, akamwaga maji yote, akalibiringisha barabarani mpaka lango la yadi. Alikuwa amebeba mtalimbo wa Masanja, chuma kirefu cha kuvunjia mwamba. Watu walisimama. Mwenye yadi alitoka na mswaki mdomoni. "Mama Shija, unaharibu pipa zima?" Akamjibu, "Zima kwako," akainua chuma. Pigo la kwanza liliteleza. La pili lilitoboa. Aliendelea mpaka pipa likawa halifai hata kufugia kuku, na kila pigo alisema jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba mume wake alizamisha magogo hapa. Nilikwenda nikasimama naye. Kabla ya jua kuzama mapipa mengine sita yalikuwa yameletwa. Mengine hayakuletwa, pipa ni pipa, na kisima kiko mbali. Lakini wazamishaji hawakurudi kwenye birika. Mwenye yadi alingoja wiki mbili, akalifukia kwa kifusi na kuhamia kwingine. Profesa alipokea ripoti yenye kurasa zote, na damu yangu imeandikwa humo kuwa ya aliyeguswa. Sijui aliiweka kabati gani. Haijatoka.

Kitabu cha hesabu nilikaa nacho mimi. Ndicho nilichomwonyesha Shija asubuhi ile Segese, kwa sababu aliniuliza, kwa adabu, kama nina ushahidi, na nilifurahi kwamba ameuliza. Nilimfungulia safu ya baba yake, safu ya mama yake, na yangu. Alisoma amesimama. Kisha akaketi juu ya kreti la soda, akaandika mstari mpya juu ya ule nilioukata. Baadhi ya wazee wa ukoo walisema msibani si mahali pake. Nikawaambia ule uongo ulisemwa msibani, na ukweli utasemwa pale pale.

Kaburini Shija alisoma vizuri, akafika kwenye mstari mpya. "Mume wake, baba yetu Masanja, hakufa kwa ukimwi. Aliuawa na dawa ya mbao aliyoizamishia matimba Nyarugusu. Mama aliijua, na alilitoboa pipa lake kwa mikono yake." Mwenye kipaza sauti alitazama chini. Nilikuwa tayari kwa minong'ono, nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu yeyote. Badala yake, kwenye mikeka ya wanawake, akainuka mama mmoja mzee akijikongoja kwa fimbo. Sikumtambua mpaka alipoongea: alikuwa mke wa Mabula. Mabula alizikwa mwaka uliofuata ule, kwa maneno yale yale, na pipa lake halikuletwa langoni.

Hakulia. Alinijia moja kwa moja, akapita mbele ya padri na jeneza.

"Una kalamu?" akaniuliza. "Na wangu mwandike."